Niweke Kiasi Gani?

Mazungumzo ya redio ya Jumapili asubuhi. Somo: Luka 14:25-33

Tunawasalimu ninyi mlio nyumbani mkijitayarisha kwenda ibada, ninyi mlio safarini, na ninyi mlio vitandani kwa sababu ya ugonjwa. Hasa tunakusalimu wewe uliyekesha usiku wa leo ukitazama simu. Maneno ya asubuhi hii ni yako kuliko ya wengine, kwa hiyo tafadhali usizime redio.

Sisi tunatumika katika parokia ya milimani, mahali penye majani chai. Kila mwaka, yapata mwezi wa Oktoba, wakulima hupokea bonasi yao, na kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo fedha kubwa ya mwaka mzima. Ndiyo hununua mabati, ndiyo hulipa deni la dukani, na zaidi ya yote ndiyo huwekwa kwa ajili ya karo ya Januari. Na katika mwezi huo huo wa Oktoba, mbali sana huko Marekani, ligi kubwa ya mpira wa kikapu iitwayo NBA huanza msimu wake. Zamani mambo haya mawili hayakujuana. Siku hizi hukutana ndani ya simu moja.

Mwezi wa Desemba uliopita kijana mmoja alibisha hodi nyumbani kwetu baada ya chakula cha jioni. Jina lake hatutalitaja, na mambo haya tunayasema kwa ruhusa yake. Ni kijana mwema, mwimbaji wa kwaya, mwenye kazi ndogo mjini. Chini ya kwapa alikuwa na daftari. Tulipomkaribisha chai hakuinywa. Akasema, "Mchungaji, najua kamari ni kitu gani, na najua utaniambia nini juu yake. Sikuja kuuliza hilo. Nimekuja kwa sababu kabla hujaenda chuo cha theolojia ulikuwa mwalimu wa hesabu. Nataka unisaidie hesabu moja tu. Nikiweka dau, niweke kiasi gani?"

Ndugu msikilizaji, tungeweza kumfukuza. Tungeweza kumhubiria pale pale mpaka chai ipoe. Lakini tulikumbuka kwamba mtu akija kwako usiku na swali, swali lile mara nyingi ni mlango tu. Basi tukamwambia, "Fungua daftari, mwanangu."

Habari yake ilikuwa hivi. Mama yake ni mjane. Alipopokea bonasi alimtumia kijana huyu shilingi 30,000 kwa simu amtunzie, maana aliogopa kwamba zikikaa kwake zitaliwa na mahitaji ya nyumbani. Zilikuwa karo ya dada yake mdogo. Kijana akaziona zimelala tu katika simu. Wenzake kazini walikuwa wakibashiri mpira wa kikapu, naye alianza kwa dau la shilingi 200. Usiku ule alipotufikia, katika zile 30,000 zilikuwa zimebaki 11,400. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alitaka kujua atumie kiasi gani cha zile zilizobaki, kila usiku, ili zirudi kuwa 30,000 kabla mama hajauliza.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ilikuwa na daftari, tena limeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu na nyekundu, na bado ilipotea. Tukaanza kulisoma.

Kwanza tueleze kidogo kwa wale wasiojua mchezo huu. Katika ligi ile kuna timu 30, na kila timu hucheza michezo 82 katika msimu wa kawaida. Jumla ni michezo 1,230 kabla hata mchujo haujaanza. Karibu kila usiku kuna mchezo, na tena si mmoja. Mchezo unaoanza saa moja jioni kule New York wakati wa baridi, huku kwetu ni saa tisa usiku. Ile ya pwani ya magharibi huanza huku kukipambazuka. Ndiyo maana kijana huyu alikuwa akisinzia kwenye mazoezi ya kwaya, nasi tukadhani ni kazi nyingi.

Tena, katika dau la aina aliyoweka kijana huyu, kampuni ya kubashiri haimwachii mtu achague tu timu yenye nguvu. Timu dhaifu hupewa pointi kabla ya mchezo, tuseme pointi saba, ili pande zote mbili zionekane sawa. Mtu huchagua upande. Akishinda, kwa kila shilingi 100 alizoweka anarudishiwa 191, yaani zile mia zake na faida ya 91. Akishindwa, mia yote imekwenda. Je, umeona, msikilizaji? Kushindwa ni mia, kushinda ni tisini na moja. Zile shilingi tisa ndizo mkate wa kampuni.

Tukamwambia kijana, "Tuseme umeweka mia moja mara mia. Umetoa 10,000. Ukishinda mara hamsini kamili utarudishiwa 9,550. Ukishinda mara hamsini na mbili, 9,932. Lazima ushinde mara hamsini na tatu katika mia ndipo uone faida, na faida yenyewe ni shilingi 123. Hapo hatujahesabu kodi." Akasema, "Mimi hushinda zaidi ya nusu, Mchungaji. Hesabu."

Tukahesabu. Alikuwa ameandika michezo 80. Ameshinda 41, ameshindwa 39. Kweli, alikuwa ameshinda zaidi ya alivyoshindwa, na uso wake ulionyesha fahari kidogo. Tukamwomba afanye hesabu mwenyewe: kama angaliweka 200 kila mara bila kubadili, angalikuwa wapi? Alitoa 16,000. Mara 41 kwa 382 ni 15,662. Akaiandika tofauti: amepoteza 338. Akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mshindi, na alikuwa amepoteza.

Lakini 338 si 18,600. Zile nyingine 18,262 zilikwenda wapi? Hazikupotezwa na timu yoyote ya Marekani. Zilipotezwa na lile swali alilotuletea, la kiasi gani. Katika ukurasa wa sita wa daftari tuliona safu ya kalamu nyekundu. Usiku mmoja alipoteza 200, akaweka 400 ili aikomboe. Ikapotea, akaweka 800. Kisha 1,600, kisha 3,200, kisha 6,400. Michezo sita, yote ikampinga. Jumla ni shilingi 12,600, kwa kufuata 200.

Akasema neno moja ambalo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. "Mchezo wa saba niliogopa, sikuweka. Na ule wa saba timu yangu ilishinda. Ningeweka 12,800 ningerudisha zote." Machozi yakamlengalenga. Tukamwambia, "Hesabu tena, mwanangu. Faida ya 12,800 ni ngapi?" Akakokotoa. Ni 11,648. Alikuwa amekwisha kupoteza 12,600. Hata angaliweka, hata angalishinda, angalikuwa bado amepungukiwa shilingi 952. Kwa malipo yale ya 91 kwa mia, kuanzia dau la tano kule kuongeza maradufu hakukomboi tena hata kukishinda. Alikuwa akijutia mlango ambao nyuma yake hapakuwa na chumba.

Hapo ndipo alipotoa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amepata katika simu kanuni moja ya hesabu ambayo watu husema ndiyo siri ya kuweka dau. Kanuni hiyo ni ya kweli, na mtu aliyeitunga alikuwa mtaalamu wa kweli. Aliitwa John Kelly, akafanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, na aliichapisha mwaka 1956. Alikuwa akichunguza jinsi habari zinavyopita katika waya wenye kelele. Ili kufafanua jambo lake, alimfikiria mcheza kamari mwenye waya wa siri uletao matokeo kabla watu wengine hawajayapata, lakini kwa makosa kidogo kwa sababu ya kelele. Akauliza: mtu huyo aweke sehemu gani ya fedha zake ili ziongezeke bila kumwisha?

Tukaifanya pamoja, polepole, kama tulivyofanya zamani mbele ya ubao. Unachukua nafasi yako ya kushinda, unaizidisha kwa faida ya kila shilingi, unatoa nafasi ya kushindwa, kisha unagawa kwa ile faida. Tukaanza na mtu stadi kabisa, anayeshinda mara 55 katika mia, mwaka baada ya mwaka. Kanuni inamwambia aweke kama shilingi tano na nusu katika kila mia aliyo nayo, na si zaidi. Kwa 11,400 hiyo ni kama 630. Na wajuzi wengi huona hata hiyo ni nyingi, wakaweka nusu yake, kwa maana mtu akizidisha mno kiasi hicho, ustadi wake wote haumwokoi, fedha zinakwisha.

Kisha tukamwambia, "Sasa tumia nafasi yako wewe, ile ya daftari lako, 41 katika 80." Akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Jibu lilikuwa chini ya sifuri. Akatuuliza kama amekosea. Tukamwambia hakukosea. Kanuni aliyoitafuta kwa majuma mawili, ya mtu asiyekuwa mhubiri wala mzee wa kanisa, ilikuwa imemjibu swali lake kwa ukamilifu: weka sifuri. Usiweke kitu.

Wasikilizaji, nyumba ilikuwa kimya. Tulisikia saa ya ukutani. Ndipo kijana akasema, "Basi hakuna njia."

Tungependa tuliwaze neno hili kidogo, kwa maana wengi wenu mmefika hapo pa "hakuna njia". Kanuni ile ina sharti moja: lazima ujue kitu ambacho wengine hawakijui. Bila waya wa siri, dau lako sahihi ni sifuri. Wewe uliye Kericho au Kakamega, unayesoma katika simu habari zile zile wanazosoma watu wote duniani, waya wako wa siri uko wapi? Je, kuipenda timu ni habari? Je, kuota namba ni habari? Je, kushindwa mara tano ni ahadi ya kwamba ya sita ni yako? Mpira haukumbuki dau la jana.

Na wale waliokuwa na waya wa siri walionekana ni watu gani? Mwaka 1951 vijana wa vyuo vya New York, wachezaji hodari wa mpira wa kikapu, walikamatwa kwa kupokea fedha za wacheza kamari ili wacheze vibaya kwa makusudi na kupunguza pointi. Na mwezi wa Aprili 2024, ligi ya NBA ilimfungia maisha mchezaji Jontay Porter wa Toronto Raptors. Ilionekana kwamba alimpa mbashiri habari za siri juu ya afya yake, kisha akaondoka mchezoni mapema akisema anaumwa. Mtu mwingine aliyejua jambo hilo aliweka dola 80,000 apate dola milioni moja na laki moja. Dau likazuiwa, halikulipwa. Huo ndio waya wa siri, ndugu zangu. Mwisho wake ulikuwa mahakamani.

Inasikitisha zaidi tukikumbuka mchezo huu ulikotoka. Aliyeubuni, James Naismith, alikuwa amesomea theolojia huko Montreal. Mwezi wa Desemba 1891, akiwa mwalimu katika shule ya chama cha vijana Wakristo, YMCA, huko Springfield, alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani ili vijana wapate mchezo wa kuwachangamsha wakati wa baridi bila kuumizana. Alitaka kuwajenga vijana. Hatusemi mchezo ni mbaya. Vijana wetu wacheze, na kanisa liwatengenezee uwanja. Tunasema kwamba kitu kilichotundikwa ili kumjenga kijana kisifanywe kikapu cha kumwagia karo ya dada yake.

Lakini kuna msikilizaji anayesema, "Mchungaji, mimi si kama huyo. Mimi huweka mia moja tu, tena ni yangu, nimeitolea jasho. Ni burudani kama soda." Ndugu, hatutakudanganya kwamba mia moja yako ni sawa na karo ya yatima. Si sawa. Ila tunakuuliza maswali matatu, ukayajibu mwenyewe ukiwa peke yako.

La kwanza, mia hiyo ni ya nani? Sisi Wakristo tunaamini kwamba hatuna mali, tuna uwakili. Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, Bwana hakuwasifu watumishi kwa sababu fedha ziliongezeka kwa bahati. Walikuwa wamefanya biashara nazo. Kuna kupanda, kuna kungoja mvua, kuna kuuza na kununua, na ndani ya hayo yote kuna mtu anayepata chakula au huduma. Je, dau lako limemlisha nani?

La pili, mia hiyo hukaa mia mpaka lini? Kijana wetu hakuanza na 6,400. Alianza na 200, na hakuna usiku hata mmoja alioamua kuwa mcheza kamari. Aliamua tu kukomboa. Hasara ina sauti, na husema, "Mara moja tu, ili turudi pale tulipokuwa." Mtu akipoteza nusu ya fedha zake, zilizobaki hazina budi kujizidisha mara mbili ndipo arudi alipoanza. Shimo ni refu kupanda kuliko kushuka. Mithali 13:11 inatuonya juu ya mali ipatikanayo kwa njia nyepesi, kwamba hupungua, na kutusifia mtu akusanyaye kidogo kidogo kwa mkono wake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

La tatu, ukishinda umechukua ya nani? Kampuni haina shamba. Haivuni chai. Kila shilingi inayokulipa imetoka mfukoni mwa mwingine aliyeshindwa usiku ule, na huyo naye ana mama. Askari waliokaa chini ya msalaba walipigia kura vazi la Bwana wetu. Yohana anatuandikia jambo hilo katika sura ya 19. Hawakuwa wakatili kuliko watu wengine, walikuwa wakipitisha wakati tu. Lakini mtu mwenye macho juu ya kura hawezi kumwona anayeumia juu yake.

Na sisi wa kanisa tuseme kosa letu. Tumekemea vijana kwa mdomo, kisha katika harambee tukapokea bahasha bila kuuliza imetoka wapi, na pengine tukauza tikiti za bahati nasibu ili tumalize paa. Kijana huona. Tukitaka atusikilize, na tutubu sisi kwanza.

Sasa turudi kwenye somo letu la leo, Luka 14. Bwana Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, na kusema kwamba mtu kama huyo huketi kwanza akahesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Basi kuhesabu si kukosa imani. Swali la kijana, "niweke kiasi gani," ni swali ambalo Bwana mwenyewe anatufundisha kuliuliza. Tatizo lake lilikuwa mahali alipolipeleka. Soma sura ile mpaka aya ya 33, utaona jibu la Bwana kwa wale wanaomfuata: si tano katika mia, wala si nusu. Ni vyote. Lakini Yeye anayetuomba vyote hakutuficha bei, wala hachukui tisa katika kila mia kwa ajili yake. Ametangulia kutoa vyote vyake pale msalabani, akijua vizuri gharama yake. Huyo anaweza kuaminiwa.

Tulipomaliza hesabu ile ilikuwa karibu saa tano usiku. Kijana akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nifanye nini?" Tukamwambia hesabu iliyobaki ni moja, na hiyo haifanywi kwa kalamu. Lazima aende kwa mama. Akasema heri afe. Tukamwambia tutakwenda pamoja.

Asubuhi tulimkuta mama yake akitoka kwenye chai na kikapu mgongoni. Tuliketi nje, kwenye benchi. Kijana alijaribu kuanza mara tatu. Mara ya nne alilisema lote bila kumtaja mwenzake yeyote wala kuilaumu kampuni. Mama hakupiga kelele. Alikaa akichambua majani yaliyonasa kwenye kitambaa chake. Kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?" Akaambiwa. Akasema, "Hizo nipe leo." Halafu akanyamaza tena, na baadaye akasema, "Nilikuwa nakuona unakonda, nikadhani una ugonjwa usiotaka kuniambia. Nilikuwa nikiomba usiku." Tulipoomba pamoja, yeye ndiye aliyelia.

Msikilizaji, tusikupambie habari. Dada yake alichelewa kwenda shule majuma mawili. Mwalimu mkuu alikubali karo ilipwe kidogo kidogo. Kijana alimwambia mama akae na fedha zote mwenyewe, akaifunga akaunti yake ya kubashiri, akawaambia wenzake kazini sababu. Siku za Jumamosi huchuma chai pamoja na mama. Mwezi wa Machi alianguka tena. Aliweka 200, akashindwa. Lakini safari hii alikuja kutuambia kesho yake asubuhi, kabla hajaifuata ile 200 kwa 400, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Lile daftari analo bado. Amelipindua nyuma mbele, na kwenye kurasa safi anaandika malipo anayomrudishia mama: 500, 300, 500. Deni halijaisha.

Basi, tuseme maneno machache kabla ya kuagana. Ninyi wazazi, mwana akija na habari ya namna hii, jifunzeni kwa mama yule. Ulizeni kwanza zimebaki ngapi, maana zilizobaki zinaweza kuokolewa leo, na mwana naye. Makelele humrudisha kwenye simu. Ninyi viongozi wa vijana, msingoje mtu asinzie kwaya nzima ndipo muulize. Mtu akikesha kila usiku kuna kitu.

Na wewe uliyekesha usiku wa leo, tunakusihi. Usilale mpaka umemwambia mtu mmoja kiasi kamili. Usiseme "nimepoteza kidogo". Taja namba. Giza lina nguvu juu ya namba ambayo haijatajwa. Usingoje kwanza ushinde ndipo utubu ukiwa na fedha mkononi. Mwana mpotevu hakurudi na urithi, alirudi na njaa, na baba alimwona angali mbali. Hesabu yako unayo. Sasa inuka uende.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetukabidhi mali isiyo yetu na watu walio wako, utusamehe pale tulipotafuta njia ya mkato na kuwaumiza wale wanaotuamini. Uwatazame vijana wetu katika saa za usiku ambazo sisi tumelala. Uwape ujasiri wa kusema ukweli, na uwape wazazi wetu moyo wa kuusikia. Utufundishe kuhesabu siku zetu na shilingi zetu mbele zako, na kukufuata wewe kwa vyote tulivyo navyo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema na amani ya Bwana ikae nanyi, wasikilizaji wapenzi, mpaka tutakapokutana tena.